Ule Mtama Niliosema ni wa Kupanda

Nimestaafu. Haya, chekeni kwanza mmalize. Nina miaka ishirini na tisa na nasema nimestaafu, kwa sababu daktari alinipima kifua akaniuliza, "Unafanya kazi gani wewe, mashine ya kusaga?" Nikamwambia nauza chakula cha ndege. Akasema, "Ahaa, kule uwanjani Dar, mnawapikia abiria." Nikamwambia ndege, daktari, ndege wa kutaga mayai. Akaandika kitu kirefu, halafu akaniambia vumbi la nafaka limenikaa kifuani, nichague duka au pumzi. Nimechagua pumzi. Roho bado iko dukani.

Sasa nyie wadogo zangu mnaoanza kufunga pakiti za chakula cha ndege na kuzipiga picha za kuweka kwenye simu, mimi siwachukii. Nawaogopea. Nikipita dukani nikaona pakiti imening'inia, lazima niigeuze nisome. Ikiwa imeandikwa "mbegu", naiteremsha hapohapo namfuata mwenye duka. Nitawaeleza kwa nini. Ila nianze na aliyenifundisha, na mkimsikia mtu anamsema vibaya Bi Sikudhani, mniambie tu anakaa wapi.

Bi Sikudhani ana duka la nafaka na chakula cha kuku Maili Moja, hapa Kibaha, nyuma ya stendi. Alinichukua nina miaka kumi na nane, siku ileile niliyofukuzwa saluni ya jirani yake kwa kumwambia mteja ukweli kuhusu kichwa chake. Alisikia kelele, akatoka nje, akauliza, "Huyu mwenye mdomo, kiroba anaweza kubeba?" Nikabeba. Nikakaa miaka kumi na moja.

Cha kwanza alichonifundisha ni kuingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko. "Juu kila gunia ni zuri," alisema. "Anayekuuzia anajua utaangalia juu." Ukifika chini, sikilizia. Ukikuta joto, nafaka hiyo imefungwa na unyevu, wiki ijayo ina ukungu, na ukungu wa mahindi ni sumu kwa kuku, kwa ndege, na kwako. Ukitoa mkono, unuse. Siku yangu ya kwanza niliingiza mkono kwenye mahindi nikagusa panya, akanipandia mpaka begani. Nilipiga ukelele stendi nzima ikageuka. Bi Sikudhani hata hakuinuka. "Panya alikuwa mkavu au kalowa?" akauliza. Nikasema mkavu. "Basi mahindi mazima hayo, yapime."

Habari ya ndege ilikuja na Mwalimu. Mwalimu ni mstaafu wa kweli, wa mvi, anakaa mtaa wa Picha ya Ndege. Ndiyo, najua, kila mtu ana utani wake wa hilo, mimi nimeusikia wote. Alikuja asubuhi moja akasema, "Nataka chakula cha ndege."

Bi Sikudhani akamuuliza, "Kuku, bata, au kanga?"

"Hapana. Ndege wa porini."

"Umewafuga wangapi?"

"Sijawafuga. Wanakuja uani, wanakula, wanaondoka zao."

Bi Sikudhani akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mwalimu, samahani, nyumbani mko salama?"

Hawakuwa salama sana. Mkewe, Bi Zainabu, alipigwa na kiharusi, upande mmoja wote umelala, na maneno yaliyombaki ni machache. Siku nzima yuko kitandani dirishani. Mwalimu aliona akirusha wali uani, ndege wakija, mama anatabasamu kwa ule upande mzima. Basi akaning'iniza sinia kuukuu kwenye mti wa mpera na akaanza kutafuta kitu kizuri kuliko wali.

Hakuna aliyenifundisha kuchanganya chakula cha ndege. Hata Bi Sikudhani alikuwa hajui. Mchanganyiko wangu wa kwanza niliweka chenga za mahindi, mtama mwekundu na pumba kidogo ya kujazia, nikajiona fundi. Chiriku walikuja kwenye sinia, wakaangalia, wakaondoka kimyakimya kama wageni waliokosea nyumba. Nilikasirika kama vile wamenitukana. Nikarudi kesho yake na ufagio, nikachuchumaa chini ya mpera, nikafagia kila kilichodondoshwa nikaenda nacho dukani kwenye karatasi.

Hicho ndicho kitabu changu. Msomeni ndege kwa anachokitupa. Mtama mwekundu waliutupa wote, mchungu. Mweupe waliumaliza. Ulezi na uwele ndio wanaougombania wadogo, chiriku na shomoro. Alizeti ile nyeusi ndogo, ganda jembamba, walibakisha maganda tu. Ile kubwa yenye mistari walihangaika nayo wakaiacha. Tetere hawapandi kwenye sinia, wanaokota chini, kwa hiyo mtama weka mwingi maana ndio wa kwao. Pumba usiweke. Anayeweka pumba anajaza pakiti, hajazi ndege. Na usipake mafuta punje zing'ae, nimewaona mnaofanya hivyo.

Kupima ni rahisi. Chukua konzi ya nafaka, tupia kwenye maji, zinazoelea ni tupu. Nyingine viringisha kwenye kitambaa kibichi siku nne, ikiota zaidi ya nusu ni ya mwaka huu. Halafu chukua punje moja, itafune. Ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea rudisha. Na ulimi utakuambia mengine, ukungu, mafuta ya taa, dawa. Mimi nilikuwa natafuna kila gunia. Kila gunia isipokuwa moja.

Ilikuwa Ramadhani, na mvua za kwanza za masika zilikuwa zimeshaanguka. Mtama mweupe ulikwisha dukani na Mwalimu alikuwa amebakiwa na konzi mbili. Bi Sikudhani akanituma Maneromango kwa Mzee Shomari, mkulima anayesifika kwa mtama safi. Gari mpaka Kisarawe, kutoka hapo bodaboda, na barabara ile wakati wa tope siwezi kuisimulia bila kutukana, na nilikuwa nimefunga. Nina mafua, nina njaa, tope mpaka magotini.

Nikamkuta Mzee Shomari uani kwake anatoboa makopo, anayafunga kwenye kamba.

"Shikamoo mzee. Makopo ya nini?"

"Marahaba. Ya ndege. Hawa mashetani mwaka jana walinimalizia robo ya shamba. Nilikaa juu kwenye dungu la shambani miezi miwili nafukuza, sauti ikanikauka, mke wangu akafurahi. Mwaka huu nikimkamata mmoja namnyonyoa hai. Haya, umefuata nini?"

Wadogo zangu, jiwekeni pale nilipokuwa. Ningemwambia nini? Kwamba nimetoka Kibaha na tope lote hili kununua mtama wake nikawape walewale? Mimi ambaye siogopi mtu, ambaye nimegombana mpaka na askari wa usalama barabarani, niliona aibu. Nikasema, "Nataka mtama mweupe, mzee. Mbegu."

Uso wake ukafunguka. "Wa kupanda?"

"Wa kupanda."

"Una akili. Vijana siku hizi hawalimi." Akaingia ndani, akatoka na kiroba alichokuwa amekitenga na vingine. Punje kubwa, nzito, sawasawa, kama zimechaguliwa moja moja. Zina unga mweupe juu juu. Nikajua majivu, wazee wengi wanahifadhi kwa majivu. Niliingiza mkono mpaka kiwiko, pakavu. Nikanusa, mafua. Kutafuna sikutafuna, nimefunga.

Nikiwa nimepanda bodaboda akanishika mkono. "Huo usipikie, mwanangu."

Nikacheka. "Nipikie tena, mzee? Si mbegu?"

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mtu aliniambia. Kwa mdomo wake aliniambia, na sikuweza kumuuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimeshamdanganya.

Nilichanganya pakiti kumi na mbili. Tena nilikuwa nimeanza kuandika juu ya pakiti kwa kalamu ya maka, herufi kubwa: MBEGU MCHANGANYIKO. Niliona inapendeza.

Alhamisi Mwalimu akachukua mbili. Jumamosi akapiga simu.

"Pili, tetere watatu wamekufa chini ya mpera."

"Paka hao, Mwalimu."

"Hawana jeraha. Wamejikunja. Mama amewaona wakianguka."

"Basi wamekula kitu huko kwa jirani."

"Binti, mimi nauliza tu, hiki chakula..."

Sikumwacha amalize. Nilidhani anamtuhumu Bi Sikudhani, na kwangu hapo hakuna mazungumzo. Nilimwambia mzee yule, mvi zake zote, kwamba duka hili haliuzi sumu, kwamba asituharibie jina, kwamba kama amechoka kununua aseme. Nilisema hivyo. Akasema, "Haya mwanangu, Ramadhani karimu," akakata.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amesikia yote. "Umemaliza kunipigania?" akauliza.

"Anasema..."

"Nimesikia anachosema. Mtama ule, kwa Shomari, ulisema wa nini?"

Nikashika ufagio, nikaanza kufagia. Akauliza tena, polepole. Nikamwambia.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinuka, akachukua konzi ya mtama kwenye kiroba, akaumwaga kwenye pindo la buibui lake na kulisugua. Buibui jeusi likabaki na unga mweupe kama chokaa. Akaunusa kwa mbali, akageuza uso. "Majivu hayana harufu hii, Pili."

Tukampigia Mzee Shomari, nikaweka spika. "Si aliomba mbegu?" akasema. "Nimeutia dawa ya wadudu, tena mwaka huu nimezidisha, fukusi walinisumbua. Nilimwambia asipikie. Kuna nini?"

Bi Sikudhani akasema, "Hakuna kitu, Shomari. Makosa ni ya kwetu." Ya kwetu, alisema.

Sasa sikilizeni hofu niliyoipata. Ndege walishakufa, hilo linajulikana. Lakini ile ilikuwa Ramadhani, na ndani ya pakiti kulikuwa na mtama, ulezi, uwele. Hebu fikiria nafaka hizo Ramadhani mtu anazipeleka wapi. Anazipeleka kusaga. Anapika uji wa futari, anawapa watoto kwanza.

Pakiti nne zilikuwa bado dukani. Mwalimu alikuwa na mbili, Bi Sikudhani akampigia mwenyewe azifukie. Tano walizichukua watu tunaowajua, Bi Sikudhani hana daftari lakini anakumbuka hadi nani alikuja na mwavuli gani. Kabla ya alasiri nilikuwa nimezunguka nyumba zote tano kwa miguu, nikazirudisha, moja niliikuta imefunguliwa jikoni na nikaipokonya mkononi mwa mtu bila hata kusema hodi.

Ikabaki moja. Hiyo nilimuuzia mwenyewe. Mama wa makamo, kitenge cha njano, mtoto mgongoni, alisema anarudi Vihingo. Aliisoma pakiti kwa sauti, "Mbegu mchanganyiko," akasema, "Hii ndiyo ninayoitafuta." Nikamwambia karibu tena.

Mtoto mgongoni. Sikuwa naona kitu kingine.

Nilienda Vihingo mara tatu. Mjue Vihingo siyo mtaa, ni mashamba na mapori, nyumba moja hapa, nyingine uite mpaka sauti ikatike. Nauliza, mmemwona mama mwenye kitenge cha njano, ana mtoto mdogo? Kijana mmoja akaniambia, "Dada, huyo ni mama yangu, shangazi yangu na mke wangu." Nilitaka kumpiga. Nikaenda zahanati, nikamuuliza nesi kama kuna mtoto aliyeletwa na tumbo, kutapika, kutetemeka. Akaniuliza wewe nani yake, nikamwambia anijibu kwanza. Akaniambia hapana. Nilipofika njiani nikarudi kumuuliza tena.

Tukaomba msikitini watangaze baada ya adhuhuri: aliyenunua nafaka za uji Maili Moja, pakiti ya plastiki, asizitumie, zina sumu. Bi Sikudhani alitaja jina la duka lake mwenyewe. Nilimwambia tusitaje, watu watakimbia. Akasema, "Na asiyejua ni duka gani atajuaje ni pakiti gani?" Watu wakakimbia kweli. Jirani mmoja wa nafaka akawa anawaambia wateja kwake hakuna sumu. Kwa mara ya kwanza nilisikia mtu anamsema Bi Sikudhani na sikufungua mdomo. Ilikuwa kweli, ila aliyefanya ni mimi.

Siku zikaenda. Simu ikilia nashika ukuta. Tukafuturu, nikiona uji tu kwenye bakuli nasukuma pembeni. Idi ikaja, nikavaa, sikumbuki nilivaa nini. Mvua zikashika.

Wiki moja baada ya Idi nipo dukani napepeta, nikasikia mtu mlangoni, "Ni huyu. Ni huyu aliyeniuzia."

Kitenge cha njano. Nikaangalia mgongoni kwake. Mtoto yupo, analamba mpini wa mwavuli. Nikakaa juu ya gunia.

"Hebu niambie wewe binti," mama akaanza, na mkono kiunoni, alikuwa amekuja kamili. "Mbegu gani zile uliniuzia? Mimi nimezipanda mistari, nimepimia kamba, nikajua za bustani. Zimeota fujo. Huku alizeti, huku ulezi, huku uwele, hata sijui napalilia nini, ninaacha nini. Jirani yangu anapita ananiuliza, shangazi, umepanda au umemwaga?"

"Umezipanda," nikasema.

"Sasa mbegu mtu anazifanyaje?"

"Zote? Hukusaga hata kidogo?"

"Nisage mbegu? Wewe mzima?"

Bi Sikudhani akamuuliza taratibu, "Hukusikia tangazo msikitini, mama?"

"Nililisikia. Walisema nafaka za uji. Mimi sikununua uji, nilinunua mbegu."

Nikaanza kulia. Siyo machozi ya kupangusa na ukingo wa khanga, nililia na kamasi. Mama yule alikuja kupigana na sasa hakujua aweke wapi ule mkono wa kiunoni. Akamgeukia Bi Sikudhani. "Kwani nimesema vibaya? Mwambie basi mtama umeota vizuri. Mtama kwa kweli ndio umeota vizuri kuliko vyote."

Tangu siku hiyo kwenye pakiti zetu hakukuandikwa "mbegu" tena. Tuliandika CHAKULA CHA NDEGE, na chini yake, KISIPANDWE, KISIPIKWE. Wapo waliocheka. Na mjue mbegu za dukani nyingi zinapakwa rangi, nyekundu, kijani, ili mtu aone kuwa zina dawa. Za mkulima hazina rangi. Kwa hiyo beba kitambaa cheusi. Sugua. Kikibaki cheupe, uliza. Na hata kisipobaki cheupe, uliza: wewe mwenyewe ungewapikia wanao? Mtazame usoni anapojibu. Lakini kwanza wewe mweleze ukweli unaununua wa nini, maana ukimdanganya, hata jibu lake la kweli halitakusaidia.

Kwa Mwalimu nilienda. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kubisha hodi. Yeye alinipokea kama vile sikuwahi kumpigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamwomba nikamwone mama. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia ni mimi niliyewaua tetere wake, siyo paka, siyo duka. Akaelekeza kidole dirishani, kwenye sinia. Lilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa amelisugua kwa mchanga na majani ya mpera, likang'aa, na tangu Jumamosi ile hakuthubutu kuweka kitu.

"Anataka uweke," Mwalimu akasema.

Sikuweza. Hapakuwa na punje dukani niliyoiamini. Nikasema nitarudi na mtama mwingine.

Nikarudi Maneromango. Tope lilelile, mwenye bodaboda yuleyule, akaniuliza mbegu zimeota? Nikamwambia mtama umeota vizuri. Mzee Shomari alikuwa juu ya dungu lake anajaribu kamba za makopo. Nikasimama chini.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kununua mtama. Siyo wa kupanda. Ni wa ndege."

"Kuku?"

"Ndege, mzee. Hawa hawa. Kuna mama mgonjwa anawatazama dirishani. Hata ule wa kwanza ulikuwa wa ndege. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu."

Aliacha kamba. Kopo moja likagonga jingine. Mimi nikajiandaa, nikasema leo akinitukana sijibu. Akashuka ngazi moja moja, akaingia ndani, akatoka na kiroba kingine. Kabla sijaomba, akachukua punje mwenyewe, akazitafuna mbele yangu, akanipa nami nikatafuna. Zikavunjika kwa mlio. Tamu, hazina kitu.

Akawa anafunga mdomo wa kiroba kwa kamba, anatikisa kichwa.

"Kwa hiyo miezi miwili yote ile," akasema, "nilikuwa nawafukuza wateja wako."